Vinasaba na Ugonjwa wa MS: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akishaambiwa ana multipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi huufupisha kuwa MS, hauchukui muda kabla hajauliza kuhusu wanawe: je, nao wataupata? Majibu yaliyo hapa chini yanahusu kurithi. Maneno "jeni" na "vinasaba" tumeyatumia kwa maana moja. Namba nyingi zinatoka kwenye tafiti zilizofanywa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na pale ambapo hilo linabadilisha maana kwa msomaji wa Afrika Mashariki tumelisema wazi.

MS ni ugonjwa wa namna gani?

Nyuzi za neva ndani ya ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa jicho zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, mfano wa plastiki juu ya waya wa umeme. Katika MS, kinga ya mwili hukosea adui: chembe zake hutoka kwenye damu, hupenya hadi ubongoni na kuichuna ala hiyo hapa na pale. Ujumbe wa neva hupunguza mwendo au hukatika. Ala ikichunwa kwenye mshipa wa jicho, mtu huona ukungu. Ikichunwa kwenye uti wa mgongo, miguu hufa ganzi au mkojo hukosa kuzuilika. Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, na kwa kila mwanamume mgonjwa kuna wanawake wawili hadi watatu. Duniani wanaoishi nao ni karibu milioni 2.9.

Je, MS ni ya kurithi?

Kinachorithiwa ni mwelekeo wa kuupata, si ugonjwa wenyewe. Tofauti hii inaeleweka vizuri ukiiweka kando ya selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za kwetu zinaujua. Selimundu husababishwa na jeni moja: baba na mama wakiwa wote wabebaji, kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Ukimpima mtoto, unajua.

MS haifuati hesabu hiyo. Kuna mamia ya tofauti ndogo za vinasaba, nyingi zikiwa za kawaida kabisa, na kila moja huongeza hatari kidogo au kuipunguza kidogo. Hakuna "mbebaji wa MS" kwa maana ile ya selimundu. Karibu kila mtu ana baadhi ya tofauti hizo, akiwemo jirani yako ambaye hajawahi hata kulisikia jina la ugonjwa huu.

Uwezekano wa ndugu wa mgonjwa ni kiasi gani?

Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, mtu asiye na ndugu mgonjwa ana uwezekano wa takriban 3 katika 1,000 wa kupata MS maishani mwake. Ukilinganisha na hapo:

Mtoto wa mzazi mwenye MS: kama 2 katika 100.
Kaka au dada wa baba na mama mmoja: kati ya 2 na 3 katika 100.
Pacha asiyefanana na mgonjwa: kama 4 au 5 katika 100.
Pacha wa kufanana, yaani wa yai moja: karibu 18 katika 100.

Watu wengi husikia "hatari ya mtoto wako ni mara saba ya wengine" na usingizi unaruka. Ni kweli kwamba imeongezeka mara kadhaa, lakini imeongezeka kutoka kidogo sana. Kati ya watoto 100 wa wazazi wenye MS, 98 hivi hawataupata. Daktari akikupa hatari kwa "mara ngapi", mwombe akutajie pia ni wangapi katika 100. Una haki ya kujua namba zote mbili.

Binamu, shangazi na wajomba hatari yao iko juu kidogo tu ya watu wengine. Na kati ya wagonjwa wote, takriban 1 kati ya 8 ndiye mwenye ndugu mwingine mwenye MS. Waliobaki ni wa kwanza katika ukoo wao.

Pengine familia inaugua pamoja kwa kuwa inaishi pamoja. Tunajuaje kuwa ni damu?

Swali zuri, na watafiti wa Kanada walilifanyia kazi kwa makini miaka ya 1990. Waliwafuatilia watu wenye MS waliolelewa na familia zisizo za damu yao. Wale ndugu wa kulelewa pamoja, waliokula chungu kimoja na mgonjwa tangu utotoni, hawakuwa na hatari zaidi ya watu wengine wa mitaani. Kisha wakawatazama ndugu wa kuchangia mzazi mmoja: hatari yao ilikuwa chini ya ile ya ndugu wa baba na mama mmoja, na haikujali kama walikulia nyumba moja au mbalimbali.

Kwa hiyo ugonjwa kujirudia ndani ya familia kunatokana na damu. Hili pia linajibu hofu nyingine: MS haiambukizi kwa kulala chumba kimoja, kula pamoja au kumuuguza mgonjwa.

Ni jeni gani yenye uzito kuliko zote?

Ipo kwenye kromosomu ya 6, katika eneo liitwalo HLA, na jina lake kamili ni HLA-DRB1*15:01. Jeni za HLA hutengeneza vishikizo vidogo juu ya chembe za kinga. Kazi yake ni kushika kipande cha kijidudu na kukionyesha kwa chembe T, ambazo ndizo huamua kama kitu hicho ni adui. Umbo la kishikizo huamua ni vipande gani kitavishika vizuri. Kishikizo cha aina ya 15:01 kinaonekana kushika vipande fulani kwa namna inayofanya chembe T zichanganye adui na mayelini.

Uhusiano wa HLA na MS ulitambuliwa mapema, mwaka 1972, kabla hata ya kuwepo vifaa vya kusoma DNA. Kopi moja ya 15:01 huongeza hatari kama mara 3; kopi mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, huiongeza hadi mara 6 hivi. Ulaya ya Kaskazini zaidi ya nusu ya wagonjwa wanayo. Lakini hata wazima wanayo: kama robo yao. Ukipiga hesabu utaona kwamba hatari ya 3 katika 1,000 ikizidishwa mara 3 inafika kama 9 katika 1,000. Wenye jeni hii zaidi ya 99 kati ya 100 wanazeeka bila MS.

Eneo hilohilo lina jeni inayokinga, HLA-A*02:01, ambayo hupunguza hatari kwa karibu theluthi moja.

Na zile nyingine?

Mwaka 2007 ziliongezwa mbili nje ya eneo la HLA: IL7R na IL2RA, zote zikihusu namna chembe T zinavyokua na kuzuiliwa. Mwaka 2011 orodha ikapita 50, mwaka 2013 ikafika 110. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa watafiti wa jeni za MS ulilinganisha wagonjwa 47,429 na wazima 68,374 na kupata alama 233, yaani tofauti za DNA zinazohusiana na MS: 32 ndani ya eneo la HLA, 200 nje ya eneo hilo na moja kwenye kromosomu X. Nyingi ya alama hizi huongeza hatari kwa asilimia 10 hadi 20 tu kila moja, kiasi ambacho peke yake hakina maana yoyote kwa mtu mmoja mmoja.

Faida yake kubwa imekuwa kuonyesha ugonjwa unaanzia wapi. Karibu zote ziko kwenye jeni za kinga: chembe T, chembe B, na pia maikroglia, yaani chembe za ulinzi zinazoishi ndani ya ubongo wenyewe. Jeni za neva na za mayelini hazionekani kwa wingi. Hii ni sababu mojawapo ya kuamini kwamba MS huanzia kwenye kinga, kisha neva ndizo zinazoumia, na ndiyo maana dawa za kutuliza kinga zinafanya kazi.

Je, kuna familia zenye jeni moja inayosababisha MS moja kwa moja?

Hadi leo haijathibitishwa hata moja. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba imepatikana, kwenye jeni iitwayo NR1H3, katika familia mbili za Kanada. Wengine walipoitafuta tofauti hiyo kwa makumi ya maelfu ya watu, waliikuta kwa wazima kama ilivyo kwa wagonjwa. Ukisoma mahali kwamba "jeni ya MS imegunduliwa", jua kuwa pengine unasoma habari hiyo ya zamani. Familia ikiwa na wagonjwa wanne au watano wanaofuatana kizazi baada ya kizazi, daktari anatakiwa kwanza ashuku ugonjwa mwingine unaofanana na MS, maana yapo magonjwa ya jeni moja yanayoharibu ala ya neva au mishipa midogo ya damu ubongoni na kuacha madoa yanayofanana kwenye picha.

Kama ni vinasaba, mbona pacha wa kufanana mara nyingi haugui kama mwenzake?

Hapa ndipo kiini cha jambo. Mapacha wa yai moja wana DNA ileile, na bado katika 100 ni 18 tu ambao wote wawili wanaugua. Kwa hiyo kuna kitu kinachotakiwa kukutana na mwelekeo wa kuzaliwa, na baadhi ya vitu hivyo sasa vinajulikana.

Cha kwanza ni virusi vya Epstein-Barr, kwa kifupi EBV. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa askari wa Marekani zaidi ya milioni 10 ambao damu yao ilikuwa imehifadhiwa kwa miaka 20. Kati yao 955 walipata MS, na hatari ilipanda mara 32 baada ya kuambukizwa EBV. Virusi vingine havikuonyesha kitu kama hicho. Mwaka huohuo watafiti wengine walionyesha njia mojawapo: kipande cha protini ya virusi, EBNA1, kinafanana na kipande cha protini ya ubongo iitwayo GlialCAM, hivyo kingamwili iliyotengenezwa kupiga virusi inaweza kuupiga ubongo. Lakini zaidi ya watu 9 kati ya 10 duniani wana EBV, na karibu wote ni wazima. Virusi peke yake havitoshi, kama vile jeni peke yake zisivyotosha.

Vingine ni uvutaji wa sigara, unene uliopitiliza katika umri wa kubalehe, na upungufu wa vitamini D.

Hatari hizi zinajumlishwaje na jeni?

Hazijumlishwi tu, zinazidishana, na hii ndiyo habari ambayo tungependa kila familia yenye mgonjwa iijue. Nchini Sweden waliwagawa watu kwa jeni na kwa sigara. Asiyevuta sigara mwenye DRB1*15 na asiye na ile A*02 ya kukinga, hatari yake ilikuwa karibu mara 5 ya asiyevuta asiye na mwelekeo huo. Mwenye jeni zilezile akiwa mvutaji, hatari ilifika kama mara 14. Watafiti haohao walitazama unene: mwenye jeni hizo aliyekuwa na uzito uliopitiliza sana akiwa na miaka 20 alifika kama mara 16.

Inadhaniwa moshi huchochea chembe za kinga zilizoko mapafuni, nazo huja kuvuka hadi ubongoni zikiwa tayari zimekasirishwa. Moshi wa mtu mwingine nao umehusishwa na hatari hii. Kwa hiyo baba anayevuta sebuleni wakati mama wa watoto ana MS anawaongezea wanawe hatari ambayo ingeweza kuzuiliwa kwa kuacha leo.

Vitamini D ni sababu ya kweli au ni mtindo tu wa kuuza vidonge?

Vinasaba vimesaidia kulijibu hili. Kuna watu wanaozaliwa na tofauti za jeni zinazoshusha vitamini D yao kidogo maisha yao yote, bila kuhusiana na chakula wala jua. Watu hao wana MS zaidi, na hilo linatia nguvu hoja kwamba upungufu ni sehemu ya chanzo.

Kinachoharibika ni watu kuchukua hatua mbili mbele. Kwamba upungufu huongeza hatari haina maana kuwa dozi kubwa hutibu MS iliyokwisha kuanza. Majaribio ya kuiongeza juu ya dawa za MS yamewavunja moyo wengi. Dozi kubwa za miezi mingi bila kipimo hupandisha kalsiamu ya damu, huleta kiu, kuharibika kwa tumbo na mawe ya figo. Utaratibu mzuri: pima damu kwanza, kama ipo chini ya nanomoli 50 kwa lita tibiwa kwa dozi aliyoandika daktari, kisha pima tena baada ya miezi mitatu. Kuishi penye jua hakutoshi kukuhakikishia. Anayefanya kazi ndani mchana kutwa au anayefunika mwili wote anaweza kuwa na upungufu hata akiishi Mombasa au Muscat.

Sisi Waafrika hatupati MS, sivyo?

Si kweli, na imani hii imewachelewesha watu wengi kupata tiba. Inaonekana ni adimu Afrika Mashariki kuliko Ulaya, lakini sehemu ya uadimu huo inatokana na uchache wa mashine za MRI na wa madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Usipopiga picha huwezi kuona.

Tazama yanayotokea watu wanapohama. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya watoto waliozaliwa huko na wazazi wahamiaji kutoka Afrika, visiwa vya Karibea na Bara Hindi. Wazazi walikuwa na MS kidogo sana. Watoto walikaribia kiwango cha Waingereza wengine. Nchini Marekani tafiti za karibuni zimekuta wanawake weusi wakipata MS kwa kiwango kinachozidi cha wanawake weupe. Kuwait nayo imeona ugonjwa ukipanda mara kadhaa ndani ya kizazi kimoja. Vinasaba havibadiliki kwa kasi hiyo. Kinachobadilika ni maisha. Kwetu watoto wengi hupata EBV wakiwa wachanga, bila dalili. Anayeipata kwanza akiwa kijana, hasa ikimletea homa ya tezi, hatari yake ya MS huongezeka kama mara mbili.

Kwa upande wa jeni, watu wenye asili ya Afrika mara nyingi wana aina ya karibu, DRB1*15:03, nayo imehusishwa na MS miongoni mwa Wamarekani weusi. Zaidi ya hapo maarifa ni machache kwa sababu moja inayosikitisha: karibu wote waliosomwa DNA zao kwa ajili ya MS ni wa asili ya Ulaya.

Kwa nini jeni zinazoleta ugonjwa hazikutoweka zamani?

Kwa sababu zilisaidia. DNA ya mifupa ya kale, iliyochapishwa mwaka 2024, inaonyesha kwamba DRB1*15:01 ilienea Ulaya ya Kaskazini Magharibi na wafugaji wa nyika waliohama kutoka mashariki kama miaka 5,000 iliyopita. Watu walioishi karibu na mifugo yao walihitaji kinga kali. Kisiwa cha Sardinia, chenye MS nyingi mno, kina tofauti katika jeni TNFSF13B inayoongeza chembe B na kingamwili; wanaoichunguza wanaamini ilibaki kwa kuwa iliwakinga na malaria, iliyokitesa kisiwa hicho kwa karne nyingi.

Upande wa pili upo pia. Tofauti moja ya jeni TYK2 hupunguza hatari ya MS, lakini aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili yuko hatarini zaidi kuugua kifua kikuu.

Nikapime vinasaba nijue kama nitapata MS?

Hatushauri. Hakuna kipimo cha jeni kinachoweza kuthibitisha MS wala kuikanusha, na hakuna chama cha madaktari kinachokipendekeza kwa ndugu wazima. Ukiwa na DRB1*15:01 huna cha kufanya tofauti na asiye nayo: wote wawili msivute sigara.

Walio ughaibuni mara nyingi huwa wameshapima kwa kampuni za kutuma mate kwa posta, kisha wanapakua faili ghafi na kuipitisha kwenye tovuti nyingine. Hapo makosa ni mengi. Vipimo hivyo havisomi HLA yenyewe. Husoma herufi moja ya jirani, mara nyingi ile iitwayo rs3135388, na kukisia. Kwa Mzungu ukisio huo hulenga vizuri. Kwa mtu wa asili ya Afrika, ambaye mpangilio wa herufi katika eneo hilo ni tofauti, unaweza kukosea pande zote mbili. Zile alama za jumla zinazojumlisha tofauti 200 kuwa namba moja ya hatari zina tatizo hilohilo, kwa kuwa zimepimwa uzito kwa Wazungu. Kama tayari unayo ripoti ya namna hiyo, usiichukulie kuwa hukumu, na usiitumie kumtisha mdogo wako.

Kuna kipimo chochote cha jeni chenye faida kwa mgonjwa?

Kipo kimoja cha wazi. Kabla ya kuanza dawa iitwayo siponimodi, lazima ipimwe jeni CYP2C9, inayosaidia ini kuivunja dawa hiyo. Mwenye aina ya *3 kutoka kwa wazazi wote hapewi kabisa. Mwenye *1/*3 au *2/*3 hubaki kwenye miligramu 1 kwa siku, na wengine hutumia miligramu 2. Asipopimwa, dawa inaweza kurundikana mwilini.

Kuna jambo jingine ambalo vinasaba vilitufundisha na halihitaji kupima. Tofauti moja ya jeni TNFRSF1A huifanya chembe itoe protini inayozuia kemikali ya uvimbe iitwayo TNF, na tofauti hiyo huongeza hatari ya MS. Dawa za baridi yabisi kama adalimumab na infliximab nazo huzuia TNF, na kweli zinaweza kuichochea MS. Mwenye MS akitibiwa viungo, ngozi au utumbo, amweleze daktari huyo ugonjwa wake kabla ya sindano ya kwanza. Mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye MS naye aseme.

Jeni zinaweza kunieleza ugonjwa utakuwa mkali kiasi gani?

Kidogo sana kwa sasa. Jeni za kuupata ugonjwa si zile za kasi yake. Mwaka 2023 ilipatikana alama ya kwanza ya ukali, karibu na jeni DYSF na ZNF638: walioirithi kwa wazazi wote walihitaji fimbo ya kutembelea takriban miaka 4 mapema. Haitumiki kliniki. Kinachobadilisha mwendo wa ugonjwa leo ni kuanza dawa mapema na kuacha sigara.

Nina MS. Niogope kuzaa?

Hapana. Uwezekano wa mtoto ni ule wa kama 2 katika 100, na ujauzito wenyewe hauufanyi ugonjwa kuwa mbaya zaidi kwa miaka ijayo. Mashambulizi hupungua hasa miezi mitatu ya mwisho, kisha huongezeka katika miezi mitatu baada ya kujifungua. Panga msaada wa nyumbani kwa kipindi hicho. Hakuna upimaji wa viinitete unaoweza kuchagua mtoto "asiye na MS", anayekuuzia huo anakudanganya.

Cha kuogopa ni dawa. Teriflunomidi hubaki mwilini kwa miezi mingi na inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Huondolewa kwa kolestiramini gramu 8 mara tatu kwa siku kwa siku 11, kisha damu hupimwa. Fingolimodi huachwa miezi 2 kabla ya kushika mimba, na kladribini huhitaji kusubiri miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Usiache dawa kimyakimya pia, maana kuacha fingolimodi au natalizumab ghafla kunaweza kuleta shambulio kubwa. Panga na daktari kabla ya kuacha uzazi wa mpango.

Ugonjwa umetoka upande wa mama au wa baba? Au ni laana ya ukoo?

Jeni hizi hutoka pande zote mbili, na baba mzima na mama mzima wanaweza kuchangia sawasawa. Hakuna aliyekosea. Laana haipo, na kumficha mgonjwa kwa kuogopa maneno ya watu kunamnyima miezi ambayo dawa ingemsaidia zaidi.

Ndugu mzima afanye nini basi?

Asivute sigara wala shisha. Watoto wasaidiwe kukaa kwenye uzito mzuri kabla na wakati wa kubalehe. Vitamini D ipimwe, isikisiwe. Chanjo ya EBV iliyoidhinishwa bado haijapatikana. Picha ya MRI kwa mtu asiye na dalili haihitajiki, kwa sababu madoa madogo yasiyo na maana huonekana na kuzaa hofu isiyo na tiba.

Azijue dalili: jicho moja kufifia ndani ya siku chache huku likiuma ukilizungusha, ganzi au udhaifu unaopanda mguuni au kuzunguka kiuno kama mshipi, shoti ya umeme mgongoni ukiinamisha shingo, kuona vitu viwili viwili. Dalili ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa, aende hospitali, na aseme mapema kuwa ana ndugu mwenye MS.

Huko aombe nini?

MRI ya ubongo na ya uti wa mgongo, pamoja na dawa ya kung'arisha picha aina ya gadolini figo zikiruhusu. Hospitali kubwa za rufaa za Dar es Salaam na Nairobi zinazo mashine hizo. Mara nyingi maji ya uti wa mgongo hupimwa pia kutafuta kingamwili zilizotengenezwa ndani ya ubongo.

Historia ya familia isimfanye daktari afunge macho. Mazingira yetu yana magonjwa yanayofanana: VVU, kaswende, kifua kikuu cha uti wa mgongo, upungufu wa vitamini B12, na kichocho kilichoingia kwenye uti wa mgongo kwa mtu aliyeoga ziwani. Zaidi ya yote kuna NMO, ugonjwa ndugu wa MS unaowapata zaidi watu wa asili ya Afrika na Asia na kushambulia macho na uti wa mgongo kwa ukali. Hutambuliwa kwa kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya akwaporini-4. Kiombe kabla ya kuanza dawa yoyote ya MS, kwa sababu interferoni beta, natalizumab na fingolimodi zinaweza kuizidisha NMO, na kosa hilo linaweza kumgharimu mtu macho yake.

Beba karatasi yenye mti wa familia: wazazi, ndugu wa kila mzazi, watoto, na kando ya kila jina ugonjwa ulioanza na umri ulipoanza. Taja pia magonjwa mengine ya kinga kama ya tezi ya shingo, kisukari cha utotoni na lupasi. Kama jibu la zamani la MRI ya ndugu lipo, lipeleke. Mara nyingine daktari hugundua hapo kwamba yule mjomba aliyeitwa mgonjwa wa MS alikuwa na jambo lingine kabisa.